Siku saba za kungoja mwezi uandame

Jumatatu, mwezi 23 Mfunguo Tano (Safar)

Leo ndiyo ilikuwa niwe Madina. Tarehe niliiandika kwa chaki ya nguo ukutani, juu ya cherehani, tangu mwaka jana: Umra, mimi na dada yangu, wiki ya tatu ya Agosti. Fedha nilizidunduliza miaka minne, kwa sare za shule na magauni ya harusi, mia mbili, mia tano, elfu. Mwezi wa Mei mama akateleza bafuni akavunjika nyonga. Zikaenda zote hospitali, na sijuti hata shilingi moja. Mama anapona. Anatembea na gongo kutoka kitandani mpaka chini ya mwarobaini uani, na kurudi. Lakini kadiri tarehe ilivyosogea nikawa naona kibandani hakukaliki. Kila nikiinua macho naiona ile chaki.

"Funga kibanda," mama akaniambia juzi. "Wiki nzima. Nenda."

"Niende wapi, mama?"

"Nenda ukaangalie. Mimi sina miguu, wewe unayo. Ukirudi utanisimulia."

Mama ni mzaliwa wa Tongoni. Alikua akichokoa pweza mwambani mpaka alipoolewa akaletwa mjini Tanga. Zaidi ya miaka 50 anaishi Ngamiani, kati ya nyumba na nyumba, na bado asubuhi akiamka anajua maji yako wapi. Mimi nimezaliwa hapa hapa, bahari mwendo wa nusu saa kwa miguu, na sikumbuki mara ya mwisho kuikanyaga ilikuwa lini.

Nikaweka nia. Kila siku nitoke, nisiende mbali na nyumbani, simu ikae mkobani. Binti yangu atabaki na bibi yake. Jioni nitasimulia.

"Basi anzia hapa," mama akasema, akainua gongo kuuonyesha mnazi wa jirani.

Mnazi ule umejaa viota vya mnana. Kelele zao nimezisikia miaka yote kama ninavyosikia bodaboda za barabarani. Leo nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa tangu jua linachomoza mpaka saa mbili, nikimfuata dume mmoja tu, wa njano. Anatua kwenye kuti, anang'ata ukingo wa jani, anaushikilia kwa mdomo, halafu anaruka. Kule kuruka kwake ndiko kunakolichana. Unatoka ukanda mwembamba wa kijani, na kila safari upana ni ule ule. Kiota amekianza kwa pete, kitanzi kimoja kinachoning'inia. Anasimama ndani ya ile pete na hapo ndipo kiwanda chake. Anachomeka ncha, anaipitisha nyuma ya ukanda mwingine, anaiachia, anainama upande wa pili anaidaka, anavuta. Anasuka mpaka pale mdomo wake unapofika, na pale unapofika ndipo ukuta wa nyumba ulipo. Mimi nina futi ya kupimia shingoni tangu nina miaka 19. Yeye kipimo chake ni mwili wake.

Nikajikuta nimesema Subhanallah. Kila baada ya sala nalitaja neno hilo mara 33, nikihesabu kwa vidole, na huku nawaza vifungo na zipu. Leo lilitoka mara moja na sikulihesabu.

Jike alikuja akakivuta kiota kingine kilichokuwa kimekwisha, akaingiza kichwa, akaondoka. Saa nzima baadaye dume wa kile kiota alikuwa anakifumua, vipande vinaanguka chini. Nikamuuliza mama. "Kimekauka," akasema. "Kikishaacha ukijani jike hakitaki. Ataanza kingine." Hakuwa hata ametazama juu.

Jumanne, mwezi 24

Nilifika Sahare saa kumi na mbili na nusu. Mama alishaniambia nisitegemee kuona mwamba, kwa sababu mwezi ulikuwa nusu juzi juzi tu na maji bado ni mafu: hayajai sana, hayatoki sana. "Nenda mikokoni," alisema. "Mikokoni kuna mambo hata maji yakiwa mafu."

Nikavua ndara, nikafunga dera magotini, nikaingia. Tope la mikoko ni la baridi, lina harufu ya yai viza, na likishika mguu haliachii mpaka ulibembeleze. Nilidhani nakwenda kuona miti. Nilichoona kwanza ni mizizi ya mchu, imechomoza juu ya tope kama penseli zilizosimamishwa, maelfu kwa maelfu, kila mti na uwanja wake. Chini ya tope hakuna hewa, kwa hiyo mchu umepeleka mizizi juu, maji yakitoka ivute pumzi. Mkoko wenyewe una njia nyingine: umejiinua kwa miguu mingi iliyopinda, kama mtu anayevuka maji na hataki nguo ilowe.

Nikalishika jani la mchu nikaligeuza kwenye mwanga. Juu yake kulikuwa na punje ndogo ndogo zinazometa, kama vumbi la chaki yangu. Nikalilamba. Chumvi. Mti unakunywa maji ya bahari kisha unatoa chumvi kwa majani, jani baada ya jani, mchana kutwa, na hakuna anayeusikia.

Lakini kilichonikalisha ni mbegu ya mkoko. Mti huu haudondoshi mbegu ikajitafutie maisha. Unaiotesha ingali juu, imeshikwa na tawi. Inarefuka ikielekeza ncha chini, ya kijani, nene kama kidole gumba, na ndefu kutoka kiganja changu mpaka kiwiko. Inaning'inia pale miezi, inalishwa. Siku ikikomaa inaachiwa. Ikikuta maji yametoka, huweza kuchoma tope ikasimama. Ikikuta yamejaa inaelea, inaweza kwenda wiki kadhaa, ikaenda kushika mizizi pwani nyingine kabisa. Nilikaa kwenye mzizi, suruali ya ndani imelowa tope, nimeipakata moja mapajani. Nikawakumbuka wauguzi walivyonifundisha kumshika mama kwapani siku zile za mwanzo: mshike mpaka asimame, ukiona amesimama mwachie kidogo.

Kwenye tope la wazi walikuwepo kitwitwi saba. Kitwitwi hawa huzaliana mbali sana, kaskazini ya dunia, Siberia huko, wakati wa kiangazi cha kule, kisha hushuka kuja kwetu. Agosti ndio wanaanza kufika. Baadhi yao hawazidi gramu 60. Nilinyoosha kiganja changu kitupu nikajaribu kukisia gramu 60. Ni kama roli moja ya uzi wa kushonea, labda na nusu. Ameipita milima na majangwa, ametua Sahare kula minyoo ya tope letu, na mimi njia ya kuja hapa naishindwa kwa kusingizia kazi.

Jioni nilipomwambia mama, alinyamaza. Kisha akasema, "Wamerudi?" kwa sauti ile anayoulizia watoto wa majirani.

Jumatano, mwezi 25

Leo siandiki sana. Kusi imevuma usiku kucha, mwili unaniuma kwa matope ya jana, na asubuhi mvua ya rasharasha imenirudisha nyumbani.

Ila kabla ya mvua, baada ya alfajiri, nilisimama Raskazone ufukweni. Mashariki ilikuwa imeanza kupauka. Mwezi ulikuwa umebaki kipande, ukucha uliokatwa, na karibu yake Zuhura inawaka kama taa ya karabai iliyopandishwa pumzi. Sehemu ya mwezi isiyo na nuru nayo ilionekana, duara zima, jeusi-kijivu, limebebwa na ule ukucha. Chini yake bahari haikuwa na rangi. Mvuvi mmoja alipita na makasia begani, tukasalimiana kwa sauti ya chini kama watu walioko msikitini. Naye alisimama kidogo akatazama. Kisha akaenda zake.

Alhamisi, mwezi 26

Mapango ya Amboni yako kilomita nane tu kaskazini ya mji, Kiomoni, kando ya mto Mkulumuzi. Nilipelekwa mara moja nikiwa darasa la tano, tukapiga kelele mpaka mwalimu akatutoa. Leo nilikwenda mchana kwa makusudi, nipate kukaa mpaka jioni.

Mwongozaji alinipitisha kwa tochi. Ni mwamba wa chokaa, umri wake unahesabiwa kwa mamilioni ya miaka, 150 hivi, na ulikuwa chini ya bahari kabla haujawa nchi kavu. Anazo sehemu anazomwonyesha kila mgeni: hapa umbo la mlima, pale umbo la mnyama, hapa kiti. Sikumkatiza, ni kazi yake na anaifanya kwa mapenzi. Lakini mimi jicho lilikuwa kwenye tone.

Tone moja, kwenye ncha ya jiwe linaloning'inia. Maji ya mvua yanapenya udongo, yanayeyusha chokaa, yanapita kwenye nyufa, yanafika hapa. Kabla ya kuanguka yanaacha chokaa chembe moja isiyoonekana. Lile jiwe lote, refu kunishinda, limejengwa hivyo. Unene wa kidole huchukua mamia ya miaka. Nilimwomba kaka yule anisubiri. Nikaliangalia tone likinenepa, likibeba mwanga wa tochi ndani yake kichwa chini, likitetemeka. Nilisoma Alhamdu nzima, polepole, nikaanza ya pili. Likaanguka katikati ya aya. Mahali lilipoangukia pana jiwe jingine linalopanda kulilaki. Yamebakiza kama shubiri mbili kukutana.

Tukafika pale panapowekwa sadaka za mizimu. Kuna vitambaa vyeupe na vyekundu, chupa za marashi, visahani, sarafu zilizopata kutu. Wanakuja watu wenye shida zao, wengine kutoka mbali. Mimi sikuweka kitu, dini yangu hainiruhusu kumwomba asiyekuwa Mola. Lakini niliinama kutazama kitambaa kimoja cheupe, nikaona kimepindwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo, wa mtu mwenye subira. Mtu huyo alikaa nyumbani kwake akakipinda kwanza, hakukubali kukileta na nyuzi zinaning'inia. Nilimwombea mtu huyo, yeyote aliye, kwa Mola wangu, apewe alichokuja kukitafuta.

"Nizime?" mwongozaji akauliza. Akazima tochi.

Giza la mle ndani si la usiku. Usiku kuna nyota, kuna nyumba ya jirani. Mle nilifumba macho nikafumbua na hakukuwa na tofauti. Nikasikia moyo wangu, nikasikia tone likianguka mahali, na jingine mbali zaidi, na juu yetu popo wakijisogeza kama watu wengi wanaogeuka usingizini. Niliogopa kidogo, kisha nikaacha kuogopa. Sijui nilikaa muda gani. Kaka yule hakuharakisha kuiwasha, na namshukuru.

Nilitoka nikakaa nje mdomoni mwa pango mpaka jua likazama. Walianza mmoja mmoja. Halafu wakamwagika, mkondo mweusi unaopinda kwenye miti, upepo wa mbawa zao unaugusa uso, hakuna hata mmoja anayenigusa. Dakika kumi, robo saa, bado wanatoka. Chemchemi ya maji ya moto ya Galanos haiko mbali na pale lakini sikuipitia. Nilikuwa nimeshiba.

Ijumaa, mwezi 27

Dada yangu amekwenda. Mwanawe amemlipia. Alituma picha asubuhi, amesimama uwanjani kwa Mtume, miavuli mikubwa imefunguka juu yake, macho yamevimba kwa kulia. Nilifurahi kwa ajili yake, na kisha nikaenda jikoni nikalia, na kilio changu hakikuwa cha furaha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Siku nne za mnana na mikoko na popo zilinitoka zote kwa picha moja.

Mama alinisikia. Aliniita nikakae mkekani karibu na kiti chake, akanipa nywele zake nimsuke, kama anavyofanya akitaka nitulie. Nimemsuka mistari minne ndipo akasema: "Usisafirie nyota ya mwenzio."

Methali hii nimeisikia tangu utotoni nikidhani ni maneno ya mdomoni tu. Leo alinieleza. Marehemu babu alikuwa nahodha wa jahazi, na nahodha hufuata nyota yake kwa kuwa anajua ametoka wapi na anakwenda bandari gani. Nyota ya mwenzio ni ya kweli na nuru yake ni ya kweli, lakini yeye ameondoka bandari nyingine. Ukiifuata utapanda mwamba. "Madina utakwenda Mungu akipenda," akasema. "Sasa hivi upo Tanga."

Nikaoga, nikavaa, nikaenda Ijumaa. Sikutoka tena.

Jumamosi, mwezi 28

Daladala la njia ya Pangani, nikashuka Tongoni. Ni kilomita zisizofika 20 kutoka mjini, lakini nilikuwa sijamtembelea mjomba tangu msiba wa mwaka juzi, na aibu ilinipanda nilipomwona amekaa barazani anasuka makuti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mwanangu, umetukumbuka! Dada hajambo? Anatembea?"

"Anatembea na gongo. Anakusalimu."

"Mwambie maji ya kesho makubwa. Atajua."

Mchana nilipita makaburini. Ni msikiti uliobomoka na makaburi kama 40, mengi yakiwa na nguzo za mawe, ya karne ya 15 hivi. Hakuna pwani hii yote palipo na makaburi ya nguzo mengi pamoja kama hapa. Nguzo moja tu ndiyo ingali imesimama sawasawa, nyingine zimelala majanini. Niliwasomea Fatiha. Nilipokuwa mdogo mama alituambia tusicheze pale, wamelala wenyewe. Bahari imekula sehemu ya pwani ile, na mikoko imesogea mpaka karibu na wao.

Baada ya alasiri mjomba alinisimulia habari ya samaki yule. Nilikuwa nimeisikia redioni, lakini kumsikia aliyemgusa ni jambo jingine. Zamani za jarife la papa, yale majarife yaliyoshushwa maji makuu, zaidi ya mita 100 kwenda chini, walianza kupandisha samaki asiye na jina. Hiyo ilikuwa mwaka 2004 na kuendelea. Mjomba alikuwa kwenye chombo kimoja siku kama hiyo. "Wa buluu, madoa meupe kama mtu amemrushia chokaa. Mzito, wanaume wawili. Magamba magumu kama kigae. Na mapezi yake, mwanangu, yana mikono. Pezi limekaa juu ya kimkono cha nyama, analipeleka hivi na hivi." Akanionyesha kwa mikono yake mwenyewe, mmoja mbele, mmoja nyuma, kama mtoto anayetambaa.

Ni silikanti. Wataalamu walimjua kwa mawe tu, wakaamini aliisha duniani miaka milioni 65 iliyopita, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini. Kumbe yupo, na yupo kwetu, anakaa kwenye mapango ya chini ya bahari mchana na kutoka usiku, mbele ya vijiji hivi hivi vya Tongoni, Mwarongo na Kigombe. Mwaka 2009 serikali ikaifanya pwani hii hifadhi kwa ajili yake. Hazai mayai, huzaa watoto walio hai, na watafiti walikadiria mwaka 2021 kwamba hubeba mimba miaka mitano na huweza kuishi miaka 100.

"Alikuwa hai mlipompandisha?" nikauliza.

"Kidogo. Alinitazama." Mjomba akarudi kwenye makuti yake. "Jicho lake linawaka kijani. Nilitamani tumrudishe, lakini nahodha hakuwa mimi. Usiku ule sikulala."

Usiku baada ya isha akanichukua pwani. Hapakuwa na mwezi, giza tupu, na mbali kwenye maji taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga mstari. Mahali petu, nyuma ya mikoko, upepo haufiki na maji yametulia. "Tia mkono," akasema.

Nikatia. Mkono wangu ukawaka. Vidole vyote vitano, kila kimoja na nuru yake ya kibuluu, na nilipovikunjua nuru ikakatika vipande vipande kama shanga zilizoachiwa uzi. Nikautoa, vikabaki vitone vinne vinatembea kwenye mkono vikizimika. Ni viumbe vidogo mno, jicho halivioni, vikitikiswa vinatoa nuru. Nikaingia mpaka magotini. Kila hatua ilikuwa inaandikwa. Samaki alikimbia mbele yangu akachora mstari. Nilianza kucheka, mwanamke wa miaka 47, mjane, fundi wa watu, nikazunguka na dera langu majini kama watoto wa maulidi, na mjomba pale ufukweni naye anacheka, anasema, "Ndiyo hiyo, ndiyo hiyo, na mama yako alikuwa hivyo hivyo."

Jumapili, mwezi 29

Bamvua, yale maji makubwa aliyosema mjomba. Saa tatu na nusu bahari ilikuwa imeondoka. Siyo kwamba maji yalipungua. Bahari nzima ilikuwa imekwenda, na mahali pake palibaki nchi nyingine yenye mabonde yake na visima vyake, inametameta mpaka kule mawimbi yanapojipiga, mbali kabisa.

Nilitoka na mkaza mjomba na wanawake wengine watano, kila mmoja na ncha yake ya chuma na ndoo. Wanatembea haraka, wameinama, wanasoma chini. Mimi naona mawe. Wao wanaona milango. "Tazama makombe," mkaza mjomba alinionyesha. Mbele ya tundu moja kulikuwa na maganda ya chaza na vipande vya kaa, vimetupwa nje. "Huyu amekula jana. Anazoa takataka zake."

Nikapiga magoti kwenye maji ya joto. Ndani ya tundu kulikuwa na jiwe, kahawia, lenye vinundu. Kisha jiwe likafumbua jicho. Mboni yake ni mstari uliolala. Tulitazamana mimi na yeye, uso kwa uso kwa shubiri tatu. Rangi ikampita mwilini kama kivuli cha wingu kinavyopita shambani, kahawia ikawa nyekundu, nyekundu ikapauka, vinundu vikanywea ngozi ikawa laini, vikarudi. Ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu. Akanyoosha mkono mmoja taratibu, ncha yake nyembamba kama uzi wa kudarizi, akanigusa kidole gumba. Vikombe vyake vidogo vikanishika, vikaachia, vikashika tena mbele kidogo. Alikuwa ananisoma.

Niliuvuta mkono nikamwambia mkaza mjomba tundu ni tupu. Alinitazama, akaangalia makombe, akasema, "Haya," akaenda mbele.

Lakini mchana nilipoondoka nilikuwa na pweza mmoja mfukoni, wa mkaza mjomba, ameshapigwa kwenye mwamba akalainika, zawadi ya mama. Nilimbeba na kumshukuru. Yote mawili ni ya kweli na sijaweza kuyatenganisha.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja. Mama alikula kidogo, akanisikiliza, akanirekebisha: kile nilichokiita tundu, pweza anakiita nyumba. Nilipofika kwenye nuru ya usiku aliweka kijiko chini. "Mjomba wako amekupeleka pale nyuma ya mikoko?" "Ndiyo." Akajifuta macho na upindo wa kanga.

Jua lilipozama akasema anataka kwenda mlangoni. Tangu Mei hajavuka kizingiti cha mbele isipokuwa kwa kubebwa kwenda hospitali. Nikamshika kwapani upande mmoja, binti yangu upande wa pili, gongo likatangulia. Barabarani watoto walikuwa wameshaanza kuelekeza vidole. Magharibi, upande wa Usambara, mbingu ilikuwa na rangi ya embe bivu. Nikatafuta, nikatafuta, sikuona kitu.

"Pale," mama akasema. "Kushoto kwa mnara wa simu. Chini kidogo."

Nikauona. Uzi mmoja mweupe. Mfunguo Sita umeandama. Mama alisoma dua yake, akaniachia mkono, akasimama kwa gongo peke yake, na mimi sikumshika.

"Kesho yatatoka saa tano kasoro," akasema. "Utakwenda?"

"Kesho nafungua kibanda, mama."

"Saa tano kasoro," akasema tena. "Mwambani, siyo mbali."